Shangazi Anajibu: Binti Yetu Anataka Tena Karamu ya Binti Mfalme

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwezi ujao binti yetu anatimiza miaka mitano, na kwa mwaka wa pili mfululizo hataki kusikia habari nyingine ila karamu ya binti mfalme: gauni refu la waridi, taji, na keki ya umbo la kasri. Mume wangu anasema tunamlea awe mtu wa kuhudumiwa tu, na mama mkwe anaona ni mambo ya Wazungu. Kwa nini jambo hili halipiti kama mitindo mingine, na je, nimkubalie?
Mama, Jinja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkubalie, nami nitakueleza sababu, kwa maana wasiwasi wa nyumba yenu ni wa haki.

Mtoto wa umri huo anajua kwamba yeye ni msichana, lakini bado hana hakika kama ataendelea kuwa msichana akivaa suruali au akinyolewa nywele. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg aliliandika jambo hili mwaka 1966, na mama wa Uganda ambaye binti yake amelia siku ya kunyolewa kwa ajili ya shule hahitaji kusomewa kitabu ili alielewe. Gauni linamsemea mtoto neno ambalo moyoni mwake bado linayumba, ndiyo maana analitaka refu, pana na la rangi isiyoweza kukosewa. Zaidi ya hayo, mtoto wa miaka mitano huamriwa kutwa nzima: oga, kula, salimia wageni, kalale. Siku ya karamu, kwa saa chache, yeye ndiye mwenye kauli. Hivi karibuni nilihudhuria karamu moja kule Ntinda, ambako wazazi walikuwa wamekodi lile kasri la kujazwa upepo. Mwenye siku yake hakuruka humo hata kidogo. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, taji la karatasi ngumu limefungwa kwa mpira chini ya kidevu, akiamua nani aingie na nani asubiri, na wenzake, wakubwa kwake wakiwemo, walitii.

Wafanyabiashara waliukuta mlango wa hamu hiyo umekwisha kufunguka. Mfaransa Charles Perrault alichapisha hadithi ya Cinderella, msichana wa jikoni mwenye kiatu cha kioo, mwaka 1697. Filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya kampuni ya Disney, ya mwaka 1937, ilimhusu binti mfalme. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni hiyo ikawakusanya mabinti wafalme wake chini ya jina moja la biashara, kuanzia magauni hadi mikoba ya shule. Hapo mama mkwe ana hoja: gauni lile la waridi limetoka mbali. Lakini mwambie kwa adabu kwamba ufalme wenyewe haukuletwa na meli. Falme zetu zilifutwa mwaka 1967 na zikarudishwa mwaka 1993, na Buganda hadi leo ina Nnaalinya, dada wa Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, mwenye cheo na majukumu yake. Tooro ilimtoa Elizabeth Bagaya, binti wa Omukama, yaani mfalme wa huko, aliyesoma Cambridge, akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kukubaliwa kuwa wakili nchini Uingereza mwaka 1965, na mwaka 1974 akawa waziri wa mambo ya nje wa Uganda. Msimulie binti yako habari za huyo wiki hii, kabla ya karamu.

Kuhusu hofu ya mumeo, mtafiti Sarah Coyne wa Marekani aliwachunguza watoto wa shule ya awali na kuonyesha, mwaka 2016, kwamba waliozama sana katika mambo ya mabinti wafalme walishikilia zaidi michezo inayodhaniwa kuwa ya wasichana tu. Lakini alipowafuatilia watoto wa namna hiyo hadi walipokua kidogo, katika utafiti uliotoka mwaka 2021, alikuta mawazo yao kuhusu wanawake na wanaume yamekuwa mapana zaidi. Basi mumeo asilikatae gauni. Ampe binti yake kazi ya kifalme. Apokee wageni mlangoni, na keki ikikatwa, yeye mwenyewe ampelekee bibi yake kipande cha kwanza. Gauni mshonee kwa fundi, hata la kitenge, ukiacha upindo wa kuteremshwa mwakani. Jambo ninalolikataa kabisa ni rangi ya midomo na viatu vya visigino kwa mtoto wa miaka mitano.

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka minne, amealikwa kwenye karamu ya namna hiyo na analia anataka taji. Nimpe?
Baba, Mbale

JIBU: Mpe, bila kusita. Mfalme Oyo wa Tooro alirithi kiti mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka mitatu. Katoni na gundi vinatosha, ila mpime kichwa kwanza, kwa kuwa taji linalomwangukia machoni litamliza upya.