Mama katoka opareshani na sukari inasoma 3.6: Mama Nesi anajibu

*Shikamoo Mama Nesi. Mama yangu mzazi ana miaka 74, kisukari anacho toka zamani sana, asubuhi anameza glibenklamaidi na usiku anachoma insulini. Alianguka akavunjika nyonga, wakamfanyia opareshani, sasa karuhusiwa yuko nyumbani na sisi watoto ndo tunamuuguza kwa zamu. Kinachonichanganya ni kwamba akiwa wodini sukari ilikuwa inasoma 13, 14, mpaka wakamwongezea insulini, ila tangu arudi inasoma 5 na juzi asubuhi ilisoma 3.6. Chakula anaonja tu anasukuma sahani. Kaka anasema 3.6 ndo sukari nzuri, tusimlazimishe kula maana chakula ndo kinapandisha na kidonda hakitapona, dada yeye anasema apewe chochote anachotaka ilimradi ale. Alafu usiku anaongea vitu havieleweki, anamwita marehemu baba, anataka ashuke kitandani. Watu wanatuambia ni uzee. Dawa tunampa kama zamani na hiyo dozi ya insulini ya wodini, hatujaruka hata siku moja. Tunakosea wapi?*
*Binti wa zamu ya usiku*

Marahaba mwanangu, pole sana na kuuguza. Barua yako nimeitanguliza kuliko zote kwa sababu ya hiyo 3.6 na hayo maneno ya usiku, na ukimaliza kusoma aya hizi za mwanzo weka gazeti pembeni upige simu kwa daktari wake, leo, kabla hajameza kidonge kingine. Mengine utakuja kusoma baadae.

Kaka yako mwambie kwa heshima zote kwamba hiyo sio sukari nzuri. Chini ya 3.9, au 70 kwa mashine zinazosoma miligramu, sukari imeshuka na hapo hamna mjadala, iwe kidonda kipo au hakipo. Ikisoma hivyo mpeni kitu cha sukari ya haraka, nusu glasi ya juisi au soda ya kawaida (sio ile isiyo na sukari, hiyo haisaidii kitu) au vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, subirini dakika 15, pimeni tena. Bado iko chini? Rudieni. Ikishapanda ndo ale chakula kamili kidogo cha kuishikilia. Ila kama amelegea hajielewi na hawezi kumeza, msimmiminie chochote mdomoni, atapaliwa kiingie kwenye mapafu, mlazeni kwa ubavu mwite msaada wa dharura hapohapo. Na glibenklamaidi ina tabia moja mbaya hasa kwa wazee, ikishusha sukari inaweza kuishusha tena masaa mengi baada ya nyie kudhani yameisha, kwahiyo usiku wa siku hiyo hamna kulala bila kumpima.

Sasa kwanini wodini 14 na nyumbani 3.6, mtu yuleyule dawa zilezile? Mwili ukikatwa unaingia kwenye taharuki, unamwaga homoni kama kortisoli na adrenalini, hizo zinaliambia ini litoe sukari na wakati huohuo zinaifanya insulini ishindwe kazi, ndo maana mgonjwa hajala kitu toka jana na mashine inasoma 13. Ongeza maumivu, ongeza dripu, ongeza dawa za steroidi kama alipewa, inapanda zaidi. Ndo wakamwongezea insulini na walikuwa sahihi. Lakini siku zinaenda, taharuki inatulia, insulini ile ya nyongeza bado inachomwa, chakula kimekuwa cha kuonja, na figo za mtu wa miaka 74 aliyetoka kuugua huenda hazisafishi dawa kama mwanzo kwahiyo kidonge kinakaa mwilini muda mrefu. Hapo ndo mlipokwama mwanangu, sio uzembe, ni utiifu! Mmefuata dozi ya mwili wa wodini kwenye mwili ambao umeshabadilika, na tumbo halina kitu.

Ila msije mkaruka upande wa pili mkasimamisha dawa zote wenyewe. Mwenye kisukari aina ya kwanza insulini yake ya msingi haiachwi kabisa hata kama hali chakula, na hata aina ya pili kuacha kwa kubahatisha kunaweza kumpandisha mpaka akaukiwa maji. Mkiongea na daktari msiulize tu "tuendelee?", ulizeni hivi: akila nusu sahani tunampa kiasi gani, asipokula kabisa tunafanyaje, sukari ikiwa ngapi kabla ya kulala tusichome bila kukupigia, na hiki kidonge cha asubuhi kwa umri huu na figo hizi bado kinamfaa au kibadilishwe. Kama ana metfomini, au vile vidonge vinavyotoa sukari mwilini kupitia mkojo, ambavyo huwa vinasimamishwa kabla ya opareshani, ulizeni vinarudi lini, msivirudishe kwa sababu tu mmevikuta kabatini.

Alafu tafuteni daftari moja, liwe kitandani kwake, sio kila mtu na simu yake. Mnaopokezana zamu mnaachiana habari za mdomo na habari za mdomo zinapotea njiani. Mstari mmoja tu unatosha: "Saa 12 asubuhi, 4.8, kala nusu, kidonge hajapewa, nimempigia daktari." Kabla ya kula, kabla ya kulala, na kwa sasa saa tisa usiku pia mpaka hali itulie. Daktari akiona siku tatu za hivyo anajua la kufanya, kuliko kuambiwa "sukari inapandapanda na kushuka".

Hayo ya usiku ya kumwita marehemu. Sipendi kabisa hilo neno "ni uzee", limeshazika watu. Mzee ambaye kabla ya opareshani alikuwa anajua watoto wake wote na sasa anaweweseka, kuna kitu, na kitu cha kwanza kutafuta ni sukari, pimeni pale pale anapoanza kuongea, msisubiri asubuhi. Wazee wengi sukari ikishuka hawatetemeki wala kutoka jasho kama vijana, wanachanganyikiwa tu au wanakuwa wakali, na kama anatumia dawa za presha za jamii ya atenololi ndo kabisa, zinaficha moyo kwenda mbio na kutetemeka. Sukari ikiwa sawa angalieni mengine, amekojoa? amepata choo au ana siku nne hajaenda? anakunywa maji? dawa kali ya maumivu ndo inamchanganya? kidonda au mkojo una maambukizi? Mzee anaweza kuwa na maambukizi bila homa yoyote, kuchanganyikiwa ndo homa yake. Hili nalo mwambieni daktari kwenye simu hiyohiyo. Na vitu vidogo vinasaidia kuliko watu wanavyodhani, miwani yake mvalisheni, kifaa cha masikio kama anacho, mchana mapazia wazi, usiku taa hafifu ikiwaka, na mtu anayemjua awe karibu. Msibishane nae kuhusu baba, mwambie mimi ni fulani, uko nyumbani, niko hapa.

Chakula, hapo kaka na dada kila mmoja kashika nusu ya ukweli. Kweli sukari ikikaa juu siku baada ya siku kidonda kinachelewa kufunga na seli nyeupe zinashindwa kupigana na vijidudu, lakini kidonda hakijengwi na hewa, kinajengwa na protini. Mayai, samaki, nyama, maziwa, jamii ya maharage, chochote anachoweza kutafuna, kidogokidogo mara tano sita kwa siku badala ya sahani kubwa inayomkatisha tamaa akiiona tu. Aanze na hiyo protini kabla hajashiba, wanga uwepo lakini usijaze sahani. Kama figo zake zina shida kiasi cha protini kinabidi kisemwe na daktari. Na msiitafute hiyo 4 au 5, wodini wengi wanalenga kati ya 7.8 na 10, yani 140 hadi 180, na mzee dhaifu nyumbani wengine wanamruhusu juu kidogo ya hapo. Mpigieni daktari ampangie lengo lake liandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kuna sehemu nyingine hamkuniandikia na huwa haiandikwi, visigino. Kila mtu anaangalia mshono wa nyonga maana una bandeji unaonekana, huku chini kisigino kinalala palepale kwenye godoro masaa kumi, na mwenye kisukari cha miaka mingi mara nyingi miguu imeshakufa ganzi kwahiyo hasikii na hawezi kulalamika. Funua shuka leo. Shika kisigino kwa mkono, linganisha na cha pili, kipo cha moto zaidi? kigumu au kimekuwa teketeke? rangi imebadilika, na ukibonyeza rangi hiyo haififii? Hicho kimeshaanza kuumia hata kama ngozi haijachanika. Mto unawekwa chini ya mashavu ya miguu, kwa urefu, mpaka kisigino kining'inie hewani, ukiweza kupitisha karatasi chini yake umepatia. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya masaa mawili, kwa namna fisioterapia walivyowaonyesha maana nyonga nyingine zina mikao iliyokatazwa. Na msimwekee chupa ya maji ya moto miguuni hata akisema anasikia baridi, ataungua bila kujua. Soksi zinatosha.

Aamke, akae kwenye kiti, atembee na msaada kama alivyoelekezwa, kulala tu kunaleta damu kuganda miguuni. Kama alipewa dawa ya kuzuia damu kuganda, wengi wa nyonga huitumia wiki kadhaa, isirukwe. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kubanwa pumzi ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo. Mshono ukianza wekundu unaosambaa, joto, harufu, usaha au kuachia, vilevile.

Na maumivu msimwache avumilie, maumivu yenyewe yanapandisha sukari na yanamfanya agome kutembea. Parasetamoli kwa dozi aliyoandikiwa. Ibuprofeni na diklofenaki zilizobaki kwenye droo ya mtu zisimguse bila daktari, figo zake haziwezi mchezo huo hasa kama anatumia na dawa za presha.

*Mama Nesi shikamoo. Mzee wangu kakatwa kidole cha mguu sababu ya kisukari. Jirani kaleta unga wa majani anasema unakausha kidonda haraka, mwingine anasema tuoshe na spiriti kila siku, mwingine asali. Mzee mwenyewe anataka yote matatu.*
*Kijana wa mzee*

Marahaba kijana. Yote matatu hapana. Unga unabeba vijidudu na unaganda kwenye kidonda hata nesi anashindwa kuona kilichopo chini, spiriti inaua vijidudu sawa ila inaua na nyama changa inayoota, asali ya kwenye chupa ya jikoni sio ile iliyotengenezwa kwa vidonda. Kidonda kifungwe na vitu ulivyopewa hospitali, mikono imeoshwa, na kibadilishwe kwa ratiba waliyosema, sio kila mgeni akija kinafunguliwa aone. Ila nikuulize, anakanyagia? Maana unaweza kufunga vizuri mwezi mzima, akienda chooni mara nane kwa siku anatembelea palepale, kinachanika upya kila siku. Ombeni kiatu maalum cha kupunguza uzito unaokanyaga kidonda au magongo, na bakuli la kukojolea usiku. Kama anavuta sigara hapo ndo pa kumbana kweli, sigara inabana mishipa ya damu na damu ndo inayopeleka chakula kwenye kidonda. Mguu mzima wa pili nao ukaguliwe kila jioni, katikati ya vidole na unyayo, wewe ndo ukague, yeye haoni huko.

*Habari Mama Nesi, mjomba kagoma kupimwa sukari, anasema vidole vinamuuma kuliko opareshani yenyewe.*
*Mpwa*

Nzuri mpwa. Ana haki ya kulalamika, nahisi mnamtoboa katikati ya ncha ya kidole, hapo ndo penye maumivu kupita kote. Toboa pembeni ya ncha, badilisha kidole kila mara, sindano mpya kila kipimo maana iliyotumika inakuwa butu, na kile kifaa cha kutobolea kina namba za kina, anza na ndogo. Mnawishe maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza kisha umkaushe, damu itatoka yenyewe bila kukamua, na pia akiwa ametoka kushika tunda bila kunawa mashine inasoma sukari ya tunda, utakuta 15 ya uongo mkamwongezea insulini ya kweli. Akizidi kugoma muulizeni daktari kuhusu kile kipimo cha kubandika mkononi.