Kabla ya kununua amplifaya, panda ngazi kwanza

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa kijana wa Tabata, mwenzetu wa redio za ridhaa, zile za kuzungumza na watu wa mbali kwa mawimbi: "Shikamoo kaka. Nimeletewa redio ya wati 100 kutoka Dubai. Antena nimeifunga juu ya bati, SWR inasoma vizuri kabisa, ila nikiita hakuna anayejibu. Kuna amplifaya ya wati 400 nimeiona inauzwa. Niichukue?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiichukue.

Kwa wageni wetu, SWR ni kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena badala ya kurushwa hewani, 1 ikiwa hairudi kabisa, na amplifaya ni kifaa cha kuongeza nguvu ya kurusha. Nakujibu hapa mbele ya wengine kwa sababu swali hilo niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, nikajibiwa vibaya, na jibu lile lilikula akiba yangu ya mwaka mzima. Mambo ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, siyarudii. Naamini kila anayesoma hapa anataka alama yake ya wito, inayoanza na 5H ya Tanzania, isikike mbali, na anaitaka kihalali.

Nyumba yangu iko Kigamboni, karibu na bahari kiasi kwamba kusi ikivuma madirisha yanaota chumvi. Nilipoanza nilikuwa na redio nzuri, kebo nyembamba ya RG-58 ya mita 30 niliyoinunua imeshatumika, na antena ya waya. Mita ya SWR ilisoma 1.3. Nilikuwa natembea kifua mbele, maana kila kitabu kinasema chini ya 1.5 huna shida. Nikaita wiki, nikaita mwezi. Wazungu nawasikia kwa mbali kama watu walio chini ya maji, na wao hawanisikii kabisa.

Aliyeniuzia vifaa akaniambia nguvu ndiyo dawa. Nikanunua amplifaya. Siku ya kwanza kuiwasha taa za sebuleni zilififia kila nilipobonyeza maiki, nami nikaona hiyo ni dalili ya ukubwa. Hakuna aliyejibu. Nikalipeleka tatizo langu kwenye kikao cha wenzangu wa redio za ridhaa mjini, na mmoja wao, mtu niliyekuwa namheshimu sana, akasema mbele ya watu wote kwamba wengine redio si fani yao, wabaki na simu. Watu wakacheka. Ni miaka sasa, na kila nikipanda pantoni kurudi nyumbani usiku nakumbuka jinsi nilivyovuka siku ile bila kumwangalia mtu usoni.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa redio za meli. Alikuja Jumamosi asubuhi, hakuigusa redio wala amplifaya. Aliuliza: "Ngazi iko wapi?"

Akapanda, akaichomoa kebo kutoka kwenye antena, akaniambia nipunguze nguvu hadi wati 5 na nisome SWR. Fikiria kidogo. Juu hakuna antena, kebo inaning'inia wazi. Nguvu yote inapaswa kurudi na sindano ikimbilie mwisho. Yangu ilisoma 2. Mzee akasema, "Umeona? Hata isiporudi huku, huko juu haijafika."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa sijaambiwa na mtu. Kebo ikisoma 2 wakati ncha yake iko wazi, karibu theluthi mbili ya nguvu inaishia njiani. Ikisoma 3, ni nusu. Kebo mbovu inameza nguvu inayokwenda, halafu inameza na ile inayorudi, kwa hiyo mita iliyoko mezani inakuonyesha uzuri ambao haupo. Antena yangu yenyewe ilikuwa kwenye 2.5 au zaidi, imeoza kwenye maungio, na mimi chini nasoma 1.3 nikifurahi. Tulipoipasua kebo, shaba ilikuwa nyeusi kama mkaa na maji ya masika yakadondoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, fanyeni kipimo hicho kabla ya kitu chochote. Wati 5, si 100, na kwa sekunde chache tu.

Kuhusu hiyo amplifaya, piga hesabu. Kutoka wati 100 hadi 400 ni desibeli 6, yaani alama moja tu ya S, kipimo cha ukubwa wa mawimbi kwenye mita ya anayekusikiliza. Alama moja! Na haikusaidii kusikia hata chembe. Kebo mpya ya RG-58 ya mita 30, bila kutu wala maji, kwenye 28 MHz inakunyang'anya zaidi ya theluthi ya nguvu, wakati RG-213 inachukua kama moja ya tano. Niliiuza amplifaya kwa hasara, nikanunua RG-213, na chenji ikabaki.

Antena niliyonayo leo ni waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, wa milimita za mraba 2.5, uliokatwa katikati. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi upate mita: kwa 28.4 ni mita 5.04, kila upande 2.52. Walio kwenye CB, zile redio za mawasiliano za raia, chaneli 19 ni 27.185, kwa hiyo ni mita 5.26. Kata mrefu kidogo kisha punguza taratibu, maana waya wenye plastiki huhitaji kuwa mfupi kuliko hesabu. Vishikio nimekata kwenye bomba la maji la plastiki. Chini ya kiungo cha katikati, kebo nimeizungusha mara sita kwa upana wa sahani ndogo ili mawimbi yasirudi nyumbani kupitia ngozi yake. Kila kiungo nimekichomelea risasi, nikakifunga kwa tepu, juu yake utepe wa tyubu ya baiskeli uliovutwa sana. Kwa pwani yetu hii, kiungo cha kusokota kwa mkono hakivuki msimu. Usiku wa radi chomoa kebo kabisa, usibishane na mbingu.

Waya umefungwa kati ya minazi miwili, mita nane kutoka ardhini, mbali na bati. Ncha moja inaelekea kusini-mashariki, nyingine kaskazini-magharibi, ili ubavu, ambako waya hurusha zaidi, uangalie Japani. Watu hufunga waya popote kamba inapofika, kisha wanailaumu redio.

Kuna pia mvumo. Zima swichi kuu ya nyumba, washa redio kwa betri ya gari, usikilize. Kwangu mvumo ulishuka kutoka S7 hadi S2. Nikarudisha kifaa kimoja kimoja hadi nikawapata wakosaji, chaja moja ya simu na taa ya LED ya uani. Mke wangu alilalamikia ile taa siku mbili, nikamletea nyingine.

Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, niliita kwa wati 100 zile zile. Mjapani mmoja akanijibu mara ya kwanza, tano tisa, yaani ananisikia safi na kwa nguvu, akaniomba nirudie jina la mji. Nikalitaja polepole, Dar es Salaam, mara mbili, na sauti ilinitetemeka.

Vijana, acheni kununua sifa. Na ninyi mliotangulia, mwenye shida akija kikaoni mpeni ngazi, msimpe kicheko.

Mdogo wangu wa Tabata, kesho asubuhi, jua halijawa kali na bati halijachoma miguu, panda, chomoa kebo, soma mita kwa wati 5, kisha nitumie namba uliyoipata. Ikiwa ni chini ya 3, usihangaike na antena kwanza, anza na kebo. Jumapili saa nne asubuhi nitakuwa 28.400 MHz, nitaanza kwa kuita Tabata.