Shemeji, kiwanja cha Chanika usikiuze

Asalaam aleikum shemeji, na salamu kwa dada na wote wa hapo Magomeni.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na jogoo wa jirani. Kwa kuwa si wewe peke yako unayeniuliza mambo haya, najibu kwa maandishi ili na wengine wasome. Unasema Zuhura ana miaka 14, na akipita na vile viatu vya kuteleza vyenye matairi alivyonunua mtumba Karume, mtaa mzima unasimama kumtazama. Kuna wakala amekwambia Kanada wanawake wanalipwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu, na ukitoa milioni 18 atamtafutia "shule ya magongo". Umebadilisha mshahara wa dola 35,000 za Marekani kuwa shilingi, ukakuta zaidi ya milioni 80 kwa mwaka. Sasa unataka kuuza kiwanja cha Chanika, na unaniuliza mimi kwa sababu niko humo humo.

Niko humo kweli, ila kwa mlango wa nyuma. Baada ya miaka ya kubeba boksi, nilipata kazi kwenye uwanja wa barafu wa mtaa hapa Toronto. Naendesha ile mashine kubwa inayoingia wachezaji wakitoka. Chini ina kisu kinachokwangua barafu iliyochanwachanwa na viatu, nyuma inaacha utando wa maji ya moto, yanaganda, uwanja unakuwa laini tena. Wachezaji wa kila rika wanapita mbele yangu kuanzia alfajiri mpaka usiku, kwa hiyo ninayokwambia sikuyasoma kwenye simu.

Tuanze na hela, maana najua ndiyo iliyokukosesha usingizi. Hizo dola 35,000 si uongo. Ligi ya wanawake ya huku inaitwa PWHL, ilianza Januari 1, 2024, na mkataba na wachezaji uliweka hicho kuwa kima cha chini cha msimu. Wastani ulipangwa uwe 55,000, na kila timu iwe na wachezaji 6 wasiopungua 80,000. Lakini wewe umezigeuza shilingi ukazitumia Magomeni. Hebu zitumie Toronto. Kodi inakatwa kabla hujaziona, chumba na sebule ni zaidi ya dola 2,000 za Kanada kwa mwezi, na hapo bado hujanunua unga. Posho ya nyumba wanapewa, si haba. Lakini utaona kama natania: mchezaji wa kima cha chini na mimi ninayepita na mashine nyuma yake hatujaachana mbali kwa mshahara. Mimi nikifika miaka 50 bado nitakuwa juu ya mashine. Yeye goti likigoma akiwa na 27, ndiyo basi.

Nafasi zenyewe zihesabu. Timu zilianza 6, msimu wa 2025/26 zikafika 8 walipoongezwa Seattle na Vancouver. Kila timu ina wachezaji 23, ukiacha wa akiba. Msimu huo hata 200 hawakufika, na wanaozigombania wanatoka Kanada, Marekani, Finland, Uswidi, nchi ambazo mtoto anavishwa viatu vya barafu kabla hajajua kusoma.

Na hela hiyo ni ya juzi tu. Ligi ya zamani ya Kanada, CWHL, ilianza 2007, na kwa miaka 10 wachezaji hawakupewa mshahara. Mtu ana medali ya Olimpiki kabatini, asubuhi anadamka kwenda kazini kama wewe na mimi, usiku ndiyo anaingia mazoezini. Mwaka 2017 wakaanza kupewa kaposho, 2019 ligi ikafungwa. Upande wa Marekani ilikuwepo nyingine iliyoanza kulipa 2015. Mwaka uliofuata tu ikapunguza mishahara msimu ukiwa unaendelea, na 2023 ikanunuliwa na kufutwa ili hii ya sasa izaliwe. Waliokuwa na mikataba mkononi, mikataba ikafutwa nayo. Hii waliyonayo leo hawakupewa bure: 2019 wachezaji kama 200 waligoma, wakasema hawachezi ligi yoyote ya huku mpaka ipatikane inayoeleweka. Wengine walikuwa kwenye ubora wao na miaka hiyo hairudi. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa mabao.

Usije ukadhani naubeza mchezo. Aprili 2024, Montréal na Toronto walicheza mbele ya watu 21,105. Kuna nahodha wa Kanada, Marie-Philip Poulin, aliyefunga bao la ushindi kwenye fainali za Olimpiki za 2010, 2014 na 2022. Na sisi weusi tumo. Uwanja mmoja wa hapa jijini una jina la Angela James, binti aliyekulia Flemingdon Park kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini. Kombe la kwanza la dunia la wanawake, Ottawa 1990, alifunga mabao 11 katika mechi 5, huku timu yao imevalishwa jezi za waridi ili wapendeze. Michezo ya Nagano 1998, ambayo ndiyo ya kwanza wanawake kuingizwa Olimpiki kwa mchezo huu, wakamwacha nje ya kikosi. Watu wa Flemingdon wanalizungumza mpaka leo.

Wakala hakukwambia habari ya wazazi. Njoo alfajiri, nje giza na baridi inauma masikio, ukute baba amepiga magoti kwenye sakafu ya mpira anakaza kamba za viatu vya mtoto wa miaka 6, anavuta mpaka vidole vinakuwa vyekundu, kwa sababu kiatu kikilegea kifundo kinapinda. Mtoto analia usingizi. Huyo atafanya hivyo miaka 10 na zaidi, huku analipia muda wa barafu, kocha, hoteli za mashindano. Viatu vya mchezaji aliyekomaa vinapita dola 1,000. Gongo zuri ni dola 300, na linavunjika kwa pigo moja. Namwona mama mmoja kila likilia "kwaa" anafumba macho. Na harufu ya glavu zile, shemeji! Soko la samaki la Feri saa saba mchana ni marashi.

Mwili nao unalipa. Kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania kinagandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde, na kikikupata mahali pasipo na kinga utakitambua. Kupigana vikumbo kwenye PWHL kunaruhusiwa kuliko kwenye mashindano ya kimataifa ya wanawake. Mtikisiko wa ubongo ndio unaowatisha wenyewe. Mtu anakaa chumba cha giza wiki nzima, hawezi kutazama hata simu.

Sasa hapa ndipo panapokuhusu. Wengi wa hao wanaolipwa walipitia vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, na wengi wao mchezo ndio uliowalipia ada. Hayley Wickenheiser, mwenye dhahabu 4 za Olimpiki, leo ni daktari wa hospitali. Wachezaji wanaolijua hili wanashika kitabu mapema, na wazazi wao ndiyo hesabu wanayoipiga tangu zamani. Mshahara wa ligi kwao ni ziada.

Kwa hiyo Zuhura, kuingia ligi hii akianza barafu na miaka 14? Nitakujibu kama ndugu: hapana. Kuteleza kwa matairi kunampa mizani na moyo, lakini wenzake wana miaka 10 mbele yake. Wakala muulize shule inaitwaje, barua ya kukubaliwa iko wapi, na kocha gani amemwona Zuhura akiwa juu ya barafu. Muulize pia mlezi ni nani, maana mtoto wa umri ule akija kusoma Kanada bila mzazi lazima awe na mlezi wa kisheria huku. Huyo mlezi bila shaka ni mimi, na hakuna aliyenipigia.

Kama anaupenda mchezo, Nairobi kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli moja Barabara ya Mombasa, na kuna timu, Ice Lions, wake kwa waume. Mwaka 2018 waliletwa mpaka hapa Toronto, na 2024 Kenya ikapokewa kwenye shirikisho la dunia. Likizo ya Juni mpandishe basi na mama yake, akaanguke kidogo aone. Nauli nitatuma mimi. Ada ya shule ya Kiingereza na hesabu nitaendelea kuchangia kama tulivyokubaliana, kwani hiyo ndiyo itakayomleta chuo huku, kwa mchezo au bila mchezo.

Dada naye aliuliza pembeni, kwa sauti ya chini, kama mtoto atavuliwa ushungi. Hapana, dada. Unakaa chini ya kofia ngumu na hakuna anayeuona. Fatima Al Ali wa Emirates anacheza nao timu ya taifa lake, na 2017 alialikwa Washington kuangusha kile kisahani kufungua mechi ya wanaume. Mpe Zuhura simu jioni ya Jumapili nikitoka zamu, nizungumze naye mwenyewe.