Mvua isikukoseshe kambi ya zama za kati

Kila mwezi wa tano ukikaribia, Waswahili wenzangu wa huku Pittsburgh na Cleveland, Marekani, huanza kuniandikia: "Dada, utabiri unasema mvua Ijumaa mpaka Jumapili. Bado unakwenda kwenye kambi ya zama za kati?" Nakwenda. Na ninawasihi nao waje, hasa wale ambao hawajawahi kufika, kwa sababu wikendi ya mvua ndiyo inayomkaribisha mgeni kuliko ile ya jua. Sharti ni moja tu: ujue namna ya kulala pakavu. Ukilala pakavu, mchana unyeshewe utakavyo, utacheka. Ukilala umelowa, hata jua la kesho yake halitakusaidia.

Kwa asiyeijua shughuli yenyewe: Society for Creative Anachronism, kwa kifupi SCA, ilianzia Berkeley, California, mwaka 1966. Wanachama wake hujifunza maisha ya kabla ya karne ya 17 kwa kuyaishi. Wanashona nguo za wakati huo, wanapika vyakula vyake, wanahunzi chuma, wanapiga ala, wanapigana kwa ngao na deraya. Wameigawa dunia yao katika falme 20, na sisi wa magharibi ya Pennsylvania tuko chini ya ufalme wa Æthelmearc. Mfalme hapatikani kwa kura wala kwa urithi, ila kwa kushinda mashindano ya upanga, na hutawala kwa miezi sita hivi. Mkusanyiko wao mkubwa, Pennsic War, hufanyika huku huku Pennsylvania, Cooper's Lake, wiki mbili za kiangazi, na huvuta watu kama 10,000. Leo siuzungumzii huo. Nazungumzia kambi ndogo za wikendi, uwanja wa nyasi, mahema machache, na wingu jeusi juu ya miti.

Anza na mahali pa hema. Ukifika Ijumaa jioni, usikimbilie kona nzuri iliyo tambarare chini ya mteremko. Ni nzuri kwa sababu maji yote yameilainisha miaka nenda miaka rudi. Panda juu kidogo, hata kama utatembea zaidi kwenda chooni. Usichimbe mfereji kuzunguka hema, viwanja vingi vinakataza, na ukichagua mwinuko huna haja nao. Lile turubai unalotandika chini, hakikisha kingo zake zimekunjwa ndani ya ukubwa wa hema. Likichomoza nje hata kwa shibiri moja, litayakinga maji yanayoteremka kwenye kuta na kuyaleta moja kwa moja chini ya godoro lako. Nimeona mahema mapya, ya bei kali, yakigeuka beseni kwa sababu hiyo tu.

Watu wengi wa SCA wanatumia mahema ya turubai la pamba, na wewe ukiazimwa moja kuna mambo yake. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kuziba matundu, ndiyo maana hema hilo halivuji ingawa halijapakwa plastiki. Likiwa jipya kabisa linatakiwa lilowekwe na kukaushwa nyumbani kabla ya safari ya kwanza. Mvua ikinyesha, usiliguse kwa ndani wala usiliegemeze sanduku, kwani pale ulipogusa maji huanza kupenya. Na kamba! Mzee mmoja jirani yangu, fundi seremala, alinishika mkono usiku wa manane wa kambi moja akanionyesha kwa kurunzi: kamba za katani au pamba zikilowa hukaza, na zikikaza sana hung'oa vigingi au kuchana turubai. Kwa hiyo mawingu yakikusanyika kabla hujalala, zunguka ulegeze kamba zako kidogo. Kamba za nailoni zinafanya kinyume chake, zinalegea, hizo utazivuta asubuhi. Tangu usiku ule silali bila kuzunguka hema langu, mvua iwepo isiwepo.

Ndani ya hema, inuka kutoka ardhini. Kitanda cha kukunja kinafaa, lakini baridi hupita chini yake, kwa hiyo weka blanketi la sufu chini ya mwili kabla ya kufikiria la kujifunika. Mimi natandika pia mkeka wa ukindu nilioletewa kutoka nyumbani Kilwa Masoko, na sioni pambo linalofaa zaidi katika kambi ya karne ya 14. Kisha chukua mfuko usiopitisha maji, tia ndani nguo za kulalia, soksi nene za sufu na kofia, ufunge. Mfuko huo haufunguliwi mchana kwa sababu yoyote. Mwenzako akilowa, muazime nguo nyingine. Akitetemeka bila kukoma, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, hapo fungua, mvishe, na uite watu wa huduma ya kwanza, maana mwili umeanza kushindwa kujipasha joto. Hali hiyo humpata mtu hata kwenye nyuzijoto 10, akiwa amelowa na upepo unavuma.

Jambo ambalo sitaki ulichukulie kwa wepesi: jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Wala la gesi. Sisi tuliokulia kwenye majiko ya mkaa tunaona ni jambo la kawaida kusogeza makaa ndani yakishapoa kidogo ili chumba kipate joto. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na hema lililolowa halipitishi upepo. Watu wamelala hivyo na hawakuamka. Ukitaka joto, jaza chupa maji ya moto uifunge vizuri, uitie miguuni.

Sasa nguo, na hapa ndipo ninapopapenda. Kanuni ya SCA ni kwamba kila anayehudhuria ajaribu kuvaa vazi la kabla ya karne ya 17. Wanasema jaribu, na wanamaanisha hivyo. Usiye na vazi utaazimwa langoni, kuna watu kazi yao ni hiyo, ila uwaarifu mapema. Wageni wengi hudhani lazima wavae kama Waingereza. Si lazima. Unaweza kuwa mtu wa Kilwa, wa Mombasa, wa Malindi, kwa sababu miji hiyo ilikuwa na mali na misikiti ya mawe wakati huo huo wa wapiganaji wa Ulaya. Kambini mimi ni mke wa mfanyabiashara wa Kilwa, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipopita mwaka 1331. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, anawasifu watu wa Kilwa kwa mavazi ya hariri, pamba na dhahabu.

Tatizo ni hiyo pamba. Nyumbani pamba ni rafiki, lakini katika mvua ya Pennsylvania inanyonya maji, inayashika, inakugandia mwilini na kukunyang'anya joto. Jibu nimelipata kwa Ibn Battuta mwenyewe. Alipofika Mogadishu, kabla ya kushuka Kilwa, alipewa mavazi ya heshima: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba. Yasome tena ukiwa na mvua kichwani. Hariri karibu na ngozi, kitani kinachokauka haraka juu yake, joho zito, na kichwa kilichofungwa. Ndivyo ninavyojivika, isipokuwa joho langu ni la sufu nzito, kwa kuwa sufu hata ikilowa inaendelea kushika joto. Matone hukaa juu yake kama lulu, unaikung'uta na kuendelea na safari. Kanzu yangu nzuri ya pamba inabaki sandukuni mpaka karamu ya Jumamosi usiku. Kanga naiacha nyumbani, naipenda mno lakini ni ya karne ya 19. Tena joho lisiburuze; pindo lifike kwenye kifundo cha mguu, si zaidi, la sivyo litanyonya tope mpaka magotini.

Miguuni, vaa mabuti ya mpira bila aibu. Pindo litayafunika, na hakuna mtu wa maana atakayekuinamia kuyatazama. Viatu vya ngozi vikilowa, vijaze karatasi na uviweke mbali na moto. Ngozi ikikaushwa kwa moto hupasuka. Chukua na birika lako la maji kwa ajili ya choo, maana vyoo vyao ni vile vya plastiki vya kukodi na hutapata maji humo.

Mapigano hayasimamishwi na mvua. Panga zao ni za fimbo ya henzirani, nene kiasi cha sentimita tatu, zimezungushiwa utepe wa gundi, lakini kofia za chuma ni za kweli na mapigo ni ya kweli. Kinachonivutia ni kwamba hakuna mwamuzi anayetangaza nani kapigwa: aliyepigwa ndiye anayekiri mwenyewe, kwa heshima yake. Akipigwa mguu, anapiga magoti na kuendelea, hata kama goti linazama topeni. Ukiwa mgeni omba kubeba maji ya wapiganaji, utasimama karibu kabisa na uwanja. Ngurumo ikisikika, hapo kila kitu kinasimama. Usikimbilie chini ya mti wala ndani ya hema lenye nguzo za chuma. Ingia garini, ukae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Chakula cha moto ndicho kinachomweka mtu sawa siku kama hiyo, na kapu la Mswahili lina mengi ya kutoa. Mahindi, mihogo, nyanya, viazi na pilipili kali vyote vilitoka Amerika baada ya Columbus, kwa hiyo ukitaka kushika zama zenyewe, ugali wa sembe hauna nafasi. Lakini mchele upo, mtama na uwele vipo, nazi, tangawizi, hiliki, mdalasini, pilipili manga. Kule Mogadishu Ibn Battuta alilishwa wali wa samli wenye mchuzi wa kuku, nyama na samaki, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya malimau na maembe. Mimi hupika wali huo na kuku, na supu ya mbuzi yenye tangawizi nyingi, chini ya turubai lililo wazi pande zote. Kuni leta kavu kutoka duka la karibu na uwanja, usitoke nazo mbali, maana hubeba wadudu waharibifu wa miti. Njoo pia na sahani, kikombe, kijiko na kisu chako. Kwa wanaouliza kuhusu halali: beba nyama yako, na pombe ya asali ikizungushwa pitisha kwa mwenzako. Hakuna aliyewahi kunisumbua kwa hilo.

Na hii ndiyo sababu ninaisifu mvua. Siku ya jua watu wametawanyika, huyu kwenye mishale, yule kwenye mapigano, na mgeni anazurura peke yake akiogopa kuuliza. Mvua inawaleta wote chini ya turubai moja. Jumamosi moja ya namna hiyo nilikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa akisokota sufu kwa kijiti chenye kigurudumu cha udongo chini. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vikisugua kijiti, kigurudumu kinazunguka, uzi unashuka mwembamba mpaka karibu uguse majani, halafu anaukunja na kuanza tena. Nikamwambia kwamba Kilwa wachimbuzi wamekuta vigurudumu kama hivyo, vimechongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikatobolewa katikati. Akaacha kazi. Akataka kujua vigae vya unene gani, uzi wa nini, nani walisokota. Wakasogea wengine. Nikaishia kuwasimulia habari za sarafu za shaba za Kilwa zilizookotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, mwaka 1944, na watu waliokuwa wamelowa mabega wakasahau kwamba wamelowa. Ukienda, jiandae na habari moja ya kwenu unayoijua vizuri. Wale ni watu wa kusoma, wanauliza maswali ya kweli, na wengi hawajawahi kumsikia mtu wa pwani yetu akiisimulia kwa kinywa chake.

Jumapili usiondoke kwa haraka. Gari likizama topeni usikanyage mafuta, utajichimbia. Weka mbao au matawi chini ya matairi na uite mikono, itakuja mingi. Ukifika nyumbani jikague mwili mzima, na watoto pia, nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti: Pennsylvania ina kupe wengi wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Chuma chochote kilicholowa, kisu au chapeo, kifute na ukipake mafuta siku hiyo hiyo. Na hema la turubai lisilale limekunjwa na unyevu zaidi ya siku moja au mbili, litaota ukungu ambao hautoki. Ukikaa ghorofani huna pa kulitandaza, omba gereji ya mwanachama mwenzako. Mimi la kwangu hukauka kwa yule seremala.