Maswali ya Wasomaji: Watoto na Bahari Likizo ya Desemba

Likizo ndefu ya Desemba huangukia msimu wa kaskazi, na fukwe hujaa watoto wengi ambao hawajawahi kuingia kwenye maji yanayowazidi magoti. Barua tunazozijibu leo zote zinahusu bahari.

Swali: Tunatoka Dodoma kwenda kwa mama yao mkubwa, Kigamboni. Wanangu wana miaka 4, 7 na 11, na hakuna anayejua kuogelea. Nimewanunulia maboya ya upepo ya kuvaa mikononi. Yanatosha? – Mama wa watatu, Dodoma

Jibu: Hayatoshi, mama. Yale ni vitu vya kuchezea. Huvuja polepole kwenye kizibo bila mtu kugundua, na mtoto mwenye mikono myembamba akiinyoosha juu, yanachomoka. Tyubu za matairi zinazokodishwa ufukweni zina hatari nyingine. Asubuhi mapema upepo mara nyingi hutoka nchi kavu kwenda baharini, na mtoto aliyekalia tyubu husukumwa hadi maji marefu huku akicheka.

Tafuta jaketi okozi. Chagua kwa uzito wa mtoto ulioandikwa kwenye lebo, usiangalie umri. Funga vifungo vyote, pitisha mkanda katikati ya miguu, kisha shika jaketi mabegani umwinue nalo. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, na majini atachomoka.

Hata akiwa nalo, huyo wa miaka 4 awe mahali ambapo mkono wako unamfikia bila wewe kupiga hatua. Wakubwa wake wasivuke maji ya kiunoni. Tatizo tunaloliona zaidi halihusu vifaa: watu wazima wako kumi kwenye mkeka, na kila mmoja anaamini mwenzake anaangalia. Mteueni mtu mmoja kwa jina kwa dakika 20. Simu yake iingie mkobani, asipakue chakula, asinywe pombe. Akimaliza zamu amwambie anayefuata kwa sauti, "Sasa ni wewe," na asiondoke mpaka ajibiwe.

Anachokitafuta si kelele. Mtoto anayezama hana pumzi ya kuita, wala hawezi kupunga, kwa sababu mikono yake inayakandamiza maji ili kichwa kipande. Utamwona amesimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo unazama na kuibuka, miguu haimsogezi popote. Hali hiyo inaweza kuisha kwa chini ya dakika moja. Mtoto aliyekuwa akipiga makelele akinyamaza ghafla, mtazame papo hapo.

Swali: Maji yakipwa, watoto wetu huvuka kwa miguu hadi kwenye fungu la mchanga kuokota makombe. Tutajuaje saa ya kuwarudisha? – Msomaji, Tanga

Jibu: Anzeni na mwezi. Siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua, na katika pwani yetu maji huweza kupanda mita 3.5 au zaidi kutoka kupwa hadi kujaa. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na kujaa karibu na saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wavuvi wa hapo wanazijua kwa uhakika, waulizeni kabla ya kuvuka.

Kinachowaponza watu ni kwamba maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Chukua bamvua ya mita 3.5: saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 tu, na kila mtu anatulia. Saa ya pili ni 60. Saa ya tatu na ya nne ni karibu 90 kila moja. Kwa hiyo kati ya saa 6 na saa 8 mchana, wakati watu wanakula, kimo huongezeka kwa zaidi ya urefu wa mtoto wa miaka 11.

Halafu fungu ndilo la mwisho kufunikwa. Njia ya kurudi iko chini kuliko fungu lenyewe, kwa hiyo hujaa kwanza. Mtoto amesimama pakavu, anaokota makombe, na nyuma yake tayari kuna maji ya kifuani yenye mkondo. Chomekeni kijiti mahali pa chini kabisa mnapovukia. Maji yakianza kupanda kwenye kijiti hicho, wote wanarudi, hata kama fungu bado ni kavu.

Mkondo ukimchukua mtoto, asishindane nao kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea ufukweni. Mfundisheni mapema kulala chali na kuelea, halafu asogee kando, sambamba na ufukwe. Mtu mzima asijitose mikono mitupu. Wekeni tayari dumu tupu la lita 10 lenye mfuniko uliokazwa na kamba ya mita 15 kwenye mpini. Tieni ndani maji glasi mbili ili dumu lirushike bila kurudishwa na upepo.

Swali: Mtoto akitolewa majini hapumui, ni kweli anyanyuliwe miguu juu ili maji yatoke? – Baba, Kilifi

Jibu: Hapana, wala asikandamizwe tumbo. Hayo hutoa maji ya tumboni, yanaweza kuingia mapafuni, na yanapoteza dakika ambazo ubongo unakosa hewa.

Mlaze chali pagumu. Inamisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, sikiliza pumzi kwa sekunde zisizozidi 10. Kama hapumui, ziba pua yake, funika mdomo wake kwa wako na mpulizie mara 5, kila mara uone kifua kikipanda. Asipozinduka, bonyeza katikati ya kifua kwa kiganja kimoja mara 30, kwa kina cha theluthi ya kifua, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2. Rudia bila kusimama. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja tumia vidole gumba viwili, mikono yako ikizunguka kifua chake, na mdomo wako ufunike pua na mdomo wake pamoja. Povu likitoka usihangaike kulifuta. Mwingine apige simu: 999 au 112 Kenya, 114 kwa Zimamoto na Uokoaji Tanzania.

Akizinduka na kuomba maji ya kunywa, bado apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuanza kushindwa saa kadhaa baadaye.

Swali: Binti yangu alikanyaga kile kidude cheusi chenye miiba mirefu. Dawa yake? – Mama, Bagamoyo

Jibu: Toa kwa kibano miiba inayoonekana, usichimbue iliyozama. Loweka mguu kwenye maji moto yasiyozidi nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mguu wenye maumivu haupimi joto vizuri. Siki husaidia kulainisha vipande vya juu juu. Mkojo hausaidii chochote. Mwiba ulioingia karibu na kifundo, au uvimbe unaozidi siku ya pili, ni wa daktari. Safari ijayo avae viatu vya mpira vilivyofungwa, maana ndala hubaki kwenye tope.