Mwajiri akilipia kugandisha mayai, tukubali?

Dada yangu, umeuliza kama mwajiri akijitolea kutulipia kugandisha mayai ya uzazi, yaani kuyatoa mwilini na kuyahifadhi kwenye baridi kali ili tuzae baadaye, sisi wa hoteli za Malindi tushangilie. Kwa mwenye saratani anayekaribia kuanza kemotherapi, dawa kali za saratani zinazoweza kuharibu mayai, nasema ndiyo bila kusita. Wengine tuwe macho. Facebook na Apple walipotangaza jambo hilo Marekani mwaka 2014, wanawake wengi waliuliza: tunasaidiwa, au tunaambiwa tusizae sasa? Nami nauliza vivyo hivyo. Sheria ya Kenya inatupa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na tangu 2017 inataka kazini pawe na chumba cha kunyonyeshea. Lakini mwenzangu wa mapokezi anakamua maziwa stoo ya mashuka, wima, mguu umezuia mlango usifunguliwe. Chumba hicho kije kwanza!

Ukikubali, jua kuna sindano za homoni kwa siku 10 hivi au zaidi, na mayai yaliyogandishwa si mtoto. Umri wako siku ya kuyatoa unaamua mengi. Na uliza mapema: ukiacha kazi, ada ya kuyahifadhi atalipa nani?