Florence kwa siku moja na kundi la watalii

Dada, umeuliza kama siku moja Florence, Italia, na kundi inatosha kwa sanaa na chakula. Inatosha, mradi isiwe Jumatatu: makumbusho ya sanaa ya Uffizi na Accademia hufungwa. Mwombe mwongoza watalii muingie Uffizi mara tu inapofunguliwa, mwanzie vyumba vya mchoraji Botticelli kabla watu hawajajaa. Saa mbili zatosha. Zaidi ya hapo macho huchoka, huoni tena unachokitazama. Kanisani funika mabega na magoti, la sivyo utabaki nje.

Kahawa inywe umesimama kaunta, maana ukikaa bei hupanda. Usiku agizeni bistecca alla fiorentina, pande nene la nyama ya ng'ombe ya kuchoma: huuzwa kwa uzito, mara nyingi pande moja huzidi kilo, basi changieni watatu. Hapo ndipo wageni huzoeana. "Coperto" kwenye bili ni ada ya meza, si wizi.